Bodi ya Arduino ina baba mwingine

Kila wiki kuna msee ananiuliza, "Nianze na bodi gani?" Jibu langu ni fupi: tafuta Arduino Uno au kopi yake, taa chache za LED, resista za ohm 220, nyaya, na ile bodi nyeupe ya matundu. Hizo zitakuweka bize mwezi mzima. Leo lakini sitaki kuongea bei. Nataka kuongea historia.

Mimi nilianza kwa kuchoma LED. Nilisahau resista, taa ikawaka vizuri sana mara moja, basi. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa redio karibu na soko la Kibuye, ambaye sote tunamwita Japuonj. Hakuniuliza maswali mengi. Alifungua redio iliyokufa zamani, akang'oa kitu kidogo chenye mistari, akasoma rangi: nyekundu, nyekundu, kahawia. "Mia mbili ishirini. Chukua, nyathina." Hakushika mita wala simu.

Sasa twende Italia kidogo, halafu tutarudi Kibuye.

Kwenye mji wa Ivrea kulikuwa na chuo cha ubunifu ambacho wanafunzi wake wengi hawakuwa mainjinia. Walitaka kutengeneza vitu vinavyowaka, vinavyosikia, vinavyocheza muziki. Bodi iliyotumika sana wakati huo, BASIC Stamp, iliuzwa takriban dola 50, na kwa mwanafunzi hiyo si pesa ya kuchezea. Mwaka wa 2003 mwanafunzi kutoka Colombia, Hernando Barragán, akaanza kazi yake ya shahada ya uzamili: bodi rahisi, pamoja na programu na maneno mepesi ya kuiamuru. Akaiita Wiring. Wasimamizi wake walikuwa Massimo Banzi na Casey Reas, yule aliyeanzisha Processing na Ben Fry, na sura ya Wiring ilitoka huko.

Mwaka wa 2005 Banzi na wenzake wakachukua kazi ya Wiring, wakaweka chipu ya bei ya chini, ATmega8, wakaita bodi yao Arduino. Jina walilitoa kwa baa ya pale mjini, na hiyo baa nayo ilikuwa imeitwa kwa jina la mfalme wa zamani wa Italia. Barragán hakuwa kwenye hiyo timu. Kwa hivyo ukiandika pinMode na digitalWrite leo, unaandika maneno yaliyotoka kwa Wiring. Mwaka wa 2016 ndipo alipoandika kirefu upande wake wa hadithi.

Je, aliibiwa? Kisheria hapana, Wiring ilikuwa wazi kwa kila mtu kuitumia. Na mimi sina ubavu wa kulalamika sana, kwa sababu huo uwazi ndio ulionipa bodi. Kopi yangu ya kutoka China ni halali kabisa, mradi tu isijibandike jina na nembo ya Arduino. (Ukinunua kopi na laptopu ikatae kuiona, usiitupe! Nyingi zina chipu ya CH340, na kompyuta nyingine zinahitaji uziwekee programu yake kwanza.) Lakini kuruhusiwa kuchukua ni jambo moja, kusahau kumtaja uliyemchukulia ni jambo lingine. Hapo ndipo siwezi kunyamaza.

Kwa sababu hapa kwetu tunafanyiana hivyo kila siku. Waliovumbua transista Marekani mwaka wa 1947 tunawajua: Bardeen, Brattain na Shockley, wakapewa Nobel mwaka wa 1956. Sawa. Na yule wa kwanza kuanika mawe ya redio juani ndiyo yabaki na nguvu ya kufika taarifa ya saa moja? Na fundi aliyegundua kwamba mota ya redio ya kaseti inaweza kuendesha feni? Hao tunawaita "jua kali" wote kwa pamoja, tukamaliza.

Kazi yangu ya kwanza iliyofanya kazi ilikuwa taa yenye sensa ya mwanga, inayowaka yenyewe giza likiingia, saa zile wavuvi wa omena wanawasha taa zao ziwani. Nilimpelekea Japuonj. Akaifunika kwa kiganja, ikawaka. Akaondoa mkono, ikazima. Akarudia kama mara kumi.

Nikamwonyesha mwanzo wa programu, pale nilipoandika jina la Barragán na jina lake. Akauliza kama hayo majina yanafanya taa iwake vizuri zaidi. Nikamwambia hapana, bodi hata haiyasomi.

"Basi ongeza moja," akasema, na kunitajia mtu aliyemfundisha yeye.