Eneo la Mkato: Kipimo cha Waya wa Spika

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, au shuka Luthuli Avenue jijini Nairobi, uombe waya "wa moja nukta tano" au "wa mbili nukta tano". Muuzaji hatauliza nukta tano ya nini. Atavuta waya kutoka kwenye rola, atapima mita zako, atakata. Ukimwuliza yeye, atakwambia ni "milimita mbili nukta tano". Sasa bana shaba ya waya mgumu wa 2.5 kwa kipimio cha vernia: utasoma takriban milimita 1.78. Mnunuzi asiyejua atadhani amepunjwa, na pengine atarudi dukani kugombana bure. Ile 2.5 ni milimita za mraba. Inapima eneo, wala haihusu upana wa waya kutoka ukingo hadi ukingo.

Eneo la nini? Kata muwa kwa kisu kikali, kisu kikiwa kimesimama wima juu ya fimbo yake. Uso wa duara unaobaki ndio mkato, na ukubwa wa uso huo ndio eneo la mkato. Hiyo ndiyo istilahi ninayoitetea hapa, kwa mafundi wanaojitengenezea nyaya za spika na kwa walimu wa fizikia pia. Baadhi ya waandishi huongeza neno, wakasema "mkato mtambuko". Sioni haja. Waya haukatwi kwa urefu ili upimwe, kwa hiyo "mkato" peke yake unaeleweka.

Neno linaloshindana nalo ni "unene", nalo lina nguvu kwa sababu ndilo la kila siku. Tatizo ni kwamba unene wa waya hujumlisha plastiki. Ziko nyaya za spika zenye ganda angavu, nene kama kidole kidogo, ambazo ukizimenya unakuta nyuzi chache za shaba katikati. Mteja aliomba waya mnene na akapewa waya mnene. Muuzaji hakusema uongo. Tena hata shaba ikiwa tupu, unene huweza kueleweka kuwa kipenyo, na kipenyo hupotosha hesabu: waya wenye kipenyo mara mbili una eneo mara nne. Fundi anayedhani ameongeza shaba maradufu kumbe ameiongeza mara nne, na ameilipia.

Kisha kuna "geji". Hili tumelizoea kwenye mabati, ambako kila anayeezeka anajua kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32. Namba hizo zinakwenda kinyume kwa sababu ya historia ya ufundi wenyewe. Waya ulitengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha jingine, na kadiri ulivyovutwa mara nyingi ndivyo ulivyozidi kuwa mwembamba na namba yake kupanda. Waingereza walirasimisha geji yao mwaka 1884. Wamarekani wanayo nyingine, iliyotoka mwaka 1857 kwa Brown na Sharpe, watengenezaji wa vifaa vya kupimia wa Providence, Rhode Island. Hizi mbili hazifanani. Waya wa geji 16 ya Marekani una milimita za mraba 1.31, ilhali geji 16 ya Uingereza ina 2.08, ambayo kwa Wamarekani ni geji 14. Maelekezo mengi ya kutengeneza nyaya za spika yameandikwa kwa geji ya Kimarekani, kwa hiyo anayeyafuata hapa kwetu anahitaji mlinganisho: geji 18 ni 0.82, geji 16 ni 1.31, geji 14 ni 2.08 na geji 12 ni 3.31. Waya wetu wa 1.5 unakaa kati ya 16 na 14. Ule wa 2.5 kati ya 14 na 12. Ukishuka namba tatu, eneo linakaribia kuongezeka maradufu. Geji ibaki kwenye mabati, ambako imeshika mizizi. Kwenye waya, namba inayosema eneo moja kwa moja inamsaidia mtu zaidi, maana ndiyo inayoingia kwenye hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Kila waya huupinga umeme kidogo, na huo ndio ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ukinzani huongezeka kwa urefu na hupungua kwa eneo la mkato. Mita moja ya shaba yenye eneo la milimita moja ya mraba ina omu 0.0172. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 20, kwa kuwa lazima uende na urudi. Hapa ndipo wengi husahau nusu ya safari. Kwa waya wa 0.5, ule mwembamba mwekundu na mweusi unaofungwa kwenye sabufa za bei nafuu, mita 20 zina omu 0.69. Kwa waya wa 1.5 ni 0.23, na kwa 2.5 ni 0.14.

Nyaya za nyumba huchaguliwa kwa joto: waya usipashwe moto na mkondo unaoubeba hadi ukaunguza ganda lake. Waya wa spika una sharti tofauti. Wati 100 kwenye spika ya omu 4 ni ampea 5 tu, mzigo ambao waya wa 1.5 huubeba bila kupata joto la kuhofia. Kinachotazamwa ni uwiano kati ya ukinzani wa waya na ule wa spika. Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa shaba, kanuni hiyo inafupishwa hivi: zidisha eneo la mkato kwa omu za spika, kisha kwa 1.45, upate umbali wa mwisho kwa mita. Waya wa 1.5 kwa spika ya omu 8 unafika mita 17. Kwa spika ya omu 4 unaishia karibu mita 9. Ule wa 0.5 kwa omu 4 hauvuki mita 3, na huo ndio umbali wa kabati la televisheni hadi kona ya sebule ndogo.

Ukivuka mpaka huo, sauti haipungui tu. Inabadilika umbo, na kwangu hili ndilo la maana kuliko yote. Omu zinazoandikwa nyuma ya spika ni za jina. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu spika ya omu 4 ishuke hadi 3.2 kwenye baadhi ya masafa, na kwenye masafa mengine inaweza kupanda hadi omu 20 au zaidi. Waya wenye omu 0.69 utapunguza masafa yale ya 3.2 kwa desibeli 1.7, na yale ya 20 kwa desibeli 0.3. Besi na sauti ya mwimbaji hazitapoteza kiasi kilekile. Msikilizaji atailaumu spika, au ataanza kuzungusha vitufe vya toni, wakati tatizo liko kwenye waya. Kwa waya wa 2.5, tofauti hiyohiyo inabaki desibeli 0.3. Kuongeza waya mnene zaidi ya hapo kwa sebule ya kawaida ni kutupa pesa, hata kama tangazo linaahidi muziki mwingine kabisa.

Hesabu zote hizi zinadhani waya ni shaba. Siku hizi nyaya nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na nje zinang'aa vilevile. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu. Ukinzani wake unazidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo panda saizi moja: palipotosha 1.5, weka 2.5. Waya wenyewe si mbaya ukijua unachonunua, na bei yake ni ya chini. Unaharibu kazi pale tu unapouzwa kama shaba.

Spika za honi za misikitini na makanisani zina utaratibu wao. Nyingi hufungwa kwenye laini ya volti 100, kila honi ikiwa na transfoma yake. Honi ya wati 10 kwenye laini hiyo inaonekana kwa amplifaya kama omu 1,000, na mita 100 za waya wa 1.5, zenye omu 2.3 kwenda na kurudi, hazina athari ya kusikika. Ndiyo maana adhana inafika kona ya mbali ya uwanja kwa waya ambao ungeua muziki wa sabufa kwa umbali huo.

Mwisho angalia tundu la kuingizia waya. Vibanio vya springi nyuma ya amplifaya nyingi hupokea 1.5 kwa shida na 2.5 kwa kukunja nyuzi. Usikate nyuzi ili waya uingie, kwa sababu kila uzi unaoukata unapunguza eneo la mkato mahali penye mguso. Sokota nyuzi, tia risasi kidogo kwa chuma cha kulehemu au tumia kichwa cha pini kinachouzwa dukani, kisha kibane. Na kabla ya kununua rola nzima, soma maandishi yaliyogandamizwa kwenye ganda: namba inayofuatwa na milimita za mraba ni eneo la mkato, inayofuatwa na herufi AWG ni geji ya Marekani.