Waya Katika Mpaka wa Tunduma: Kutoka Simu ya Rhodes hata Intaneti ya Bure

Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, ni mji uliojengwa juu ya njia. Nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika zilitengewa barabara ya Stevenson tangu mwaka 1881. Na Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, mpaka ulichorwa hivi kwamba barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Hivyo, kabla waya wowote haujafika, swali lilikwisha kuulizwa: njia ni ya nani, na wengine wapite kwa masharti gani?

Waya wa kwanza ulikuwa wa Cecil Rhodes, aliyeanzisha mwaka 1892 kampuni ya kuunganisha Cape na Cairo kwa simu. Waya huo ulipopanda nyanda hizo, mbele yake ilikuwapo nchi ya Wajerumani. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm II, akapewa ruhusa ya kupita, kwa sharti kwamba kampuni yake iweke pia waya wa kutumiwa na serikali ya Kijerumani. Simu ilifika Ujiji, wala haikuendelea kaskazini. Rhodes alikufa mwaka 1902. Wenyeji ambao nchi yao ilisimikwa nguzo hizo hawakuwamo katika mapatano.

Hata hivyo sheria ya simu ya zama zile ilikuwa na jambo la kuangaliwa. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa St Petersburg mwaka 1875 yalikiri kwamba kila mtu ana haki ya kupeleka habari kwa simu. Lakini mapatano yaleyale yaliitanguliza simu ya serikali mbele ya simu ya raia, yakaziachia serikali uwezo wa kuzuia habari zilizoonekana kuwa na hatari, na hata kusimamisha kazi yote ya simu. Haki na kizuizi vilizaliwa pamoja.

Lugha nayo imehifadhi historia hii. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa na maana ya waya kabla ya kuwa chombo cha kuzungumzia. Jina la uzi likawa jina la maneno yapitayo ndani yake. Mtandao limetoka katika kutanda, kama utando wa buibui. Simu hutazama njia moja kutoka mtu hata mtu. Mtandao hutazama nyuzi nyingi, ambazo hakuna mmoja ulio mkuu kwa asili. Maana hii ya pili ndiyo inayobishaniwa leo.

Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliofikishwa Tunduma na kuunganishwa na Zambia, nchi isiyo na bahari. Tunduma, ambayo reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kuipitia, ikawa tena mlango wa jirani, sasa kwa maneno na hesabu badala ya shaba.

Ndipo mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilipoleta mpango wake wa intaneti ya bure, uitwao Internet.org. Nchi ya kwanza ilikuwa Zambia, mwezi Julai, kwa mkono wa Airtel. Mwezi Oktoba ikafuata Tanzania, kwa mkono wa Tigo. Basi Nakonde na Tunduma, miji inayotenganishwa na mpaka tu, ilikuwa miongoni mwa ya mwanzo duniani kufunguliwa mlango huu. Asiye na bando aliweza kusoma kurasa chache zilizochaguliwa. Nje ya hizo alilipa.

Watetezi walisema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Wapinzani walishika kanuni ambayo mwanasheria Tim Wu wa Marekani aliipa jina mwaka 2003, yaani kwamba mwenye waya asipendelee mzigo mmoja na kuukawiza mwingine. India ilikataza bei za upendeleo mwezi Februari 2016. Marekani yenyewe iliyumba: kanuni iliwekwa mwaka 2015, ikafutwa 2017, ikarudishwa 2024, ikatanguliwa na mahakama Januari 2025.

Kwa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hoja zote mbili zina uzito. Katika milima ya Ileje na mabonde ya Momba yateremkayo hata Ziwa Rukwa, usawa huanza na mnara. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 2006 iliweka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini mnara peke yake hautoshi. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 mitandao ya kijamii ilizuiwa, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Mfanyabiashara wa mpakani aliyelipia bando lake alikatikiwa sawa na yule aliyetumia cha bure.

Kwa hiyo ubishi huu si mgeni uliotoka ng'ambo. Ni swali la mwaka 1875 na la mwaka 1899 lililorudi kwa jina jipya: anayeshika waya ana haki gani juu ya maneno ya wapitao? Rhodes na Kaiser walilijibu kwa waya wa pili wa serikali. Wakazi wa Tunduma, ambao babu zao hawakuulizwa, bado wanangoja jibu ambalo na wao wamo ndani yake.