Voi na Sagalla: uhamiaji na uendelevu wa mji

Voi ni mji wa Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, karibu na milima ya Sagalla. Umekuzwa na wahamiaji tangu reli ya Mombasa ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1890. Baadaye tawi la Taveta, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya mkonge, na stesheni ya reli ya kisasa (SGR) ya 2017 vikaleta wengine. Ni rahisi kuwalaumu wageni kwa uhaba wa maji, na kweli kila ploti mpya huongeza mitungi kwenye foleni. Lakini bomba la chemchemi za Mzima, la miaka ya 1950, hupita hapo likipeleka maji Mombasa. Tatizo ni mgao kuliko wingi wa watu.

Ardhi ndiyo kizungumkuti. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa 1948, na wanaolima Sagalla ya chini wanapakana na ndovu, ambao nao huhama wakifuata maji. Huko wakulima na shirika la Save the Elephants wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba: ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka; asali huuzwa. Mtu atasema hayo ni ya kijijini, hayahusu mji. Yanahusu: mahindi yakiliwa usiku, anayebaki bila mavuno hutafuta kibarua na chumba cha kupanga Voi. Kasoro ya uzio huo ni ukame, maana maua yakikosekana nyuki huhama, mizinga ikabaki mitupu.