Waya Chini ya Maharagwe

Jumamosi moja mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza kukolea, kisanduku cha plastiki kilicho nyuma ya mlango wa jikoni kwa Shosho kilianza kulia. Pii, pii, pii, bila kupumzika. Shosho akanipigia simu Nairobi kabla sijaamka vizuri.

"Muthuri wakwa," akaniambia, maana nimepewa jina la babu, na kwa hivyo tangu nizaliwe mimi ni mume wake. "Hii kitu yako ya mbwa imeshikwa na wazimu. Niitoe kwa stima ama niiache?"

"Iache tu, Shosho. Nakuja."

Nilijua maana ya ule mlio hata kabla sijapanda matatu ya Karatina. Waya ulikuwa umekatika mahali. Sikujua tu ni wapi, na nusu ekari si mchezo ukitafuta kidonda kwenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu, uliofukiwa ardhini.

Wacha nianze mwanzo. Mbwa wangu anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa Kenya. Nilimlea kwenye nyumba ya chumba kimoja Zimmerman hadi mwenye ploti aliponiambia nichague kati ya mbwa na nyumba. Nikampeleka ushago. Huko Simba akagundua kuku wa jirani. Ua wa kayaba aliopanda babu una miiba ya kumzuia ng'ombe, lakini huku chini una matundu ambayo mbwa hupita kama mtu anayepita mlangoni kwake. Baada ya kuku wa tatu, jirani alikuja kwa heshima zote, akanywa chai, kisha akasema bila kupandisha sauti kwamba akimwona tena huyo mbwa kwake ataweka dawa. Hatukuuliza ni dawa gani.

Ukuta wa mawe hatungeuweza. Ndipo nikanunua, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi na kuuza vitu vyake, ua wa mbwa usioonekana: kisanduku kimoja, waya mita 300, kola moja na vibendera vyeupe 50.

Hiki kitu si kigeni duniani kama nilivyodhani. Hataza yake ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka wa 1973, kwa jina la Richard Peck. Kampuni yake iliitwa Stay-Put Sales, na baadaye ikabadilishwa jina kuwa Invisible Fence. Ukitaka kuelewa kwa nini wazo hili lilizaliwa kule, fikiria mitaa ya pembeni ya miji ya Marekani: nyasi zimefuatana kutoka mlango wa nyumba hadi barabarani, hakuna ukuta, hakuna geti, na mitaa mingine hata ina sheria za kukuzuia kujenga ua mbele ya nyumba. Watu walitaka uwazi wao ubaki, na bado walitaka mbwa asikanyagwe na gari. Hataza ilipoisha mwaka wa 1990, makampuni mengine yakaingia sokoni na kila mmoja akawa anauza ya kwake.

Huo ua una mababu. Mwaka wa 1874, mkulima wa Illinois aliyeitwa Joseph Glidden alipata hataza ya waya wa miiba uliokuja kuenea duniani kote, ukafunga malisho na baadaye ukafunga watu. Kwenye miaka ya 1930, huko New Zealand, Bill Gallagher alianza kutengeneza ua wa stima. Husimuliwa kwamba yote yalianza na farasi aliyezoea kujikuna kwenye gari lake, naye akaliunganisha gari na stima ili farasi akome. Ukizipanga hizi hataza, unaona kitu. Waya wa miiba lazima uwe imara, kwa sababu kila siku ng'ombe anaujaribu. Waya wa stima unaweza kuwa dhaifu, kwa sababu ng'ombe akipigwa mara moja au mbili, kumbukumbu inafanya kazi iliyobaki. Peck naye akaondoa ua kabisa. Akabakisha kumbukumbu.

Inafanya kazi hivi. Kisanduku unakichomeka kwa soketi. Kinatuma mkondo mdogo kwenye waya unaozunguka boma lote na kurudi pale pale ulipoanzia. Waya wenyewe haukurushi, unaweza kuushika. Ni kama antena. Kinachousikia ni kola. Mbwa akikaribia, kola inalia kwanza. Akiendelea kusonga, ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi ya shingo zinampiga shoti. Wiki mbili za kwanza unamtembeza kwa kamba, vibendera vikimwonyesha mpaka ulipo, na kila kola ikilia unamvuta arudi na kumpa kitu kitamu. Kisha unaondoa vibendera kidogo kidogo. Kikiisha cha mwisho, mpaka unakuwa umehamia kichwani mwake.

Nilifika kwa Shosho saa sita. Kwanza nilijua lazima nipime kisanduku chenyewe, maana watu wengi huanza kufukua shamba zima kumbe tatizo liko ukutani. Unafungua skrubu mbili, unatoa ncha za waya wa ua, unaweka kipande kifupi cha waya badala yake. Mlio ukinyamaza, kisanduku ni kizima. Ulinyamaza. Basi ugonjwa uko shambani.

Pili, nikakagua ule mkia unaotoka jikoni hadi kwenye ua. Hapo nyaya mbili husokotwa pamoja kama nywele, kwa sababu zikisokotwa ishara ya huu inaiua ishara ya ule, na mbwa anaweza kupita juu yake bila kusikia kitu. Panya hawakuwa wameutafuna. Tatu, nikakagua viungo. Kiungo kilichofungwa kwa selotepu tu hakimalizi msimu mmoja wa mvua. Maji huingia, shaba inapiga kutu ya kijani, na ishara inakufa pole pole. Vyangu vilikuwa sawa.

Ikabaki kugawa ua mara mbili. Niliufungua waya pale getini, kwenye kiungo cha katikati, nikavuta waya uliobaki kwenye mzingo kutoka kisandukuni hadi hapo, nikaunganisha nusu ya kushoto peke yake. Mlio ukanyamaza. Nusu ya kushoto ni nzima. Kwa hivyo nikaanza kutembea upande wa kulia, nimeinama kama mtu aliyeangusha shilingi, hadi nikafika kwenye mistari ya maharagwe. Udongo ulikuwa mpya. Nikafukua kwa vidole. Waya ulikuwa umekatwa safi, mara moja.

Jembe.

"Ni mimi," Shosho akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akinitazama muda wote huo bila kusema neno. "Niliona kamba nyekundu nikadhani ni takataka. Maharagwe hayangojei mbwa."

Nikacheka. Nikakaa chini karibu naye, nikaanza kumweleza, kwa mara ya kwanza vizuri, kile kitu hufanya nini. Nilikuwa nimekiweka kwake bila hata kumuuliza. Nikamweleza waya, kola, mlio, shoti, vibendera. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hakuna ua hapo."

"Hakuna, Shosho. Uko kwa kichwa yake."

Akanyamaza kidogo. "Sisi yetu tulichimba."

Shuleni nilifundishwa Hali ya Hatari kama tarehe: ilitangazwa Oktoba 1952, Operesheni Anvil ilikuja Aprili 1954, basi, andika, jibu swali la tano. Sikufundishwa kwamba kuanzia katikati ya 1954, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu mashambani kwao na kuwafungia vijijini, hivi kwamba kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja wa eneo la kati walikuwa wamehamishiwa vijiji zaidi ya 800. Shosho huviita gicagi. Vingi vilizungushiwa waya wa miiba na handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, na walinzi wa Home Guard juu ya mnara. Pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki jingine, la takriban kilomita 80, ili wapiganaji wa msituni wasifikiwe na chakula. Lilichimbwa kwa mikono. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, kwa hivyo mikono mingi ilikuwa ya wanawake na wasichana. Hawakulipwa.

Shosho alikuwa na kama miaka 14. Anakumbuka karai la udongo kichwani. Anakumbuka kwamba shamba lao lilionekana kutoka kijijini, na kwamba ruhusa ya kwenda huko ilikuwa ya saa chache tu. Geti lilifungwa kabla ya giza. Siku moja mama yake alichelewa na viazi. Alipofika, geti lilikuwa limefungwa, na mtu aliyesogelea waya gizani angeweza kupigwa risasi. Alilala nje, ndani ya handaki alilolichimba mwenyewe, hadi asubuhi.

"Kutoka si shida," Shosho akasema. "Hata huyu Simba anaweza kutoka akitaka. Akishatoka, anarudi vipi?"

Sikuwa na jibu. Na ajabu ni kwamba hilo ndilo kosa kubwa la ule mtambo, hata wanaouuza wanalijua. Mbwa akiona paka au kuku, damu ikimchemka, anaweza kupita mbio na kuvumilia shoti moja. Lakini wakati wa kurudi damu imepoa. Anakaribia nyumbani kwao, kola inalia, naye anasimama. Ua ulioshindwa kumzuia ndani unamzuia nje. Wales walipiga marufuku kola za shoti mwaka wa 2010, zikiwemo hizi za mpaka. Kwetu unanunua tu kwa simu, inaletwa na mtu wa boda.

Sitaki kusema kwamba kila ua ni gicagi. Ng'ambo ile ya bonde, msitu wa Aberdare ulizungushiwa ua wa stima wa karibu kilomita 400, kazi iliyosukumwa na shirika la Rhino Ark kuanzia 1989 hadi 2009. Ni msitu ule ule waliojificha wapiganaji. Lakini wakulima wengi wa pembeni waliutaka huo ua, kwa sababu tembo akiingia usiku mmoja anakula karo ya mwaka mzima. Na Nairobi tunapoishi, kuta zetu zilianza na kayaba, zikapandishwa chupa zilizovunjwa, sasa zina nyaya za stima na kibao cha Mbwa Kali hata pale pasipo na mbwa. Hizo tunajijengea wenyewe, tena tunalipia. Ninachojiuliza tangu siku ile ni kama yule anayezungushiwa alishawahi kuulizwa, na ni nani mwenye ufunguo jioni.

Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akaeleza majuto ya serikali yake kwa mateso ya wakati ule. Wazee 5,228 walilipwa, jumla ikiwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Shosho hakuwa mmoja wao. Hakujua ni ofisi gani mtu hupeleka hadithi ya mama aliyelala nje.

Nilirekebisha waya jioni hiyo. Ningefanya nini? Jirani hakuwa anatania, na Simba akifa kwa dawa uhuru wake utanisaidia na nini? Nikamenya ncha mbili, nikazisokota, nikazifunika kwa kofia yenye grisi isiyoingiza maji. Safari hii nilimuuliza Shosho waya upite wapi. Akanionyesha kwa fimbo: uzunguke maharagwe, usiyakate. Nikapunguza nguvu ya kola hadi ngazi ya chini inayomfanya Simba ageuze kichwa tu. Nikarudisha vibendera vyote 50, tuanze kumfundisha upya.

Halafu tukapanga jambo moja. Kola haifai kuvaliwa zaidi ya saa 12 kwa siku, la sivyo ncha zile humtoboa mbwa vidonda shingoni. Kuku wa jirani nao hufungiwa jioni. Kwa hivyo ikifika saa kumi na mbili na nusu, jirani akishapiga komeo lake, Shosho humwita Simba, humvua kola, na kuitundika kwenye msumari kando ya kisanduku.

Wiki iliyopita nilimpigia simu saa moja usiku, nikamuuliza Simba yuko wapi.

"Ametoka," akasema. "Nimemwachia geti wazi."