Jarida la baruapepe la kampuni ya mizigo: habari za kuweka na mahali pa kuzipata

Kampuni ya uwakala wa forodha au usafirishaji inayoanzisha jarida la baruapepe kwa wateja wake hukwama mapema. Toleo la kwanza huandikwa kwa furaha, la pili kwa shida, na la tatu hujaa salamu za sikukuu na picha ya mkurugenzi. Mteja mwenye kontena 2 bandarini Dar es Salaam hana haja na picha hiyo. Anataka kujua kama mzigo wake utavuka Rusumo wiki hii, atalipa nini, na karatasi gani bado inakosekana.

Makala haya yanaeleza habari za jarida la namna hiyo zinapatikana wapi na zinatumiwaje. Mfano unaotumika ni wa kampuni ndogo yenye ofisi Kacyiru, Kigali. Kacyiru ni mtaa wa ofisi za serikali: ipo Wizara ya Kilimo na Rasilimali za Wanyama, Wizara ya Miundombinu na makao makuu ya Polisi ya Taifa. Ipo pia Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012. Aliye hapo yuko hatua chache kutoka kwa watoa matangazo, lakini ukaribu huo haufai kitu kama hakuna mfanyakazi aliyepewa kazi ya kuyafuatilia.

Dawati la ofisi kwanza

Chanzo bora cha habari ni maswali ya wateja wenyewe, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Karani anayepokea simu akiandika kila swali kwenye daftari kwa wiki 2, jarida limepata habari za miezi kadhaa.

Mfano ni swali hili: kwa nini mteja anadaiwa ushuru Kigali wakati kontena lake halijatoka Dar es Salaam? Jibu lipo katika mfumo wa Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2014. Kwa bidhaa za matumizi ya ndani, tamko la forodha hufanywa katika nchi mzigo unakokwenda. Kodi hulipwa huko, ndipo mzigo huachiwa bandarini. Mteja asiyelijua hilo huchelewa kutafuta fedha, na kila siku ya kuchelewa huongeza gharama za hifadhi na tozo za kontena. Aya moja inayoeleza jambo hili kwa lugha ya kawaida, pamoja na orodha ya karatasi zinazohitajika, ina faida kuliko kurasa 3 za sifa za kampuni.

Swali jingine linalorudi ni la wafanyabiashara wadogo wanaovuka na mizigo yao wenyewe. Wengi hawajui kuwa kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zimetoka katika nchi wanachama na zimo katika orodha inayokubalika. Wapo wanaolipa ushuru wasiostahili kulipa kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Madereva pia ni waandishi wazuri wa habari, ingawa hawajui kuandika ripoti. Kati ya Dar es Salaam na Kigali ni karibu kilomita 1,500, na kati ya Mombasa na Kigali ni karibu 1,700. Dereva anayepiga simu kutoka mzani au kituo cha mpakani huona foleni kabla ya ofisi yoyote. Neno lake lichukuliwe kama alivyoliona: mahali, siku na saa. Akisema "malori yamejaa Rusumo", aulizwe yamejaa upande upi na tangu lini. Habari ya namna hii huzeeka kwa siku moja, hivyo iandikwe na saa yake au iachwe.

Vyanzo rasmi na kasi yake

Si kila chanzo rasmi kina kasi sawa. Benki Kuu ya Rwanda hutoa viwango vya kubadilisha fedha kila siku. Kwa mafuta, mamlaka ya Kenya, EPRA, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na ya Tanzania, EWURA, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Upande wa Rwanda kazi hiyo ni ya RURA. Msafirishaji anayepanga nauli ya safari ya kwenda na kurudi anazihitaji bei hizo pamoja mahali pamoja, na hapa jarida dogo linaweza kumsaidia kweli, kwa sababu gazeti la nchi moja huandika bei za nchi hiyo tu.

Mamlaka ya Mapato ya Rwanda hutoa matangazo ya forodha. RICA hushughulikia vibali vya mimea na mazao yanayoingia na kutoka. Kwa dawa na vyakula vilivyosindikwa kuna Rwanda FDA, iliyoundwa mwaka 2018. Mbinu nzuri ni kuzitembelea tovuti hizi siku moja maalumu ya wiki, asubuhi, kabla ya simu kuanza kulia.

Takwimu za mapito ya mizigo hutolewa na wakala wa Ukanda wa Kaskazini, wenye makao Mombasa, na wakala wa Ukanda wa Kati, wenye makao Dar es Salaam. Ripoti zao zinaonyesha siku ambazo malori hutumia njiani na vituo yanakokwama. Ni takwimu za muda uliopita, hazimwambii mteja hali ya leo. Kazi yake ni nyingine: mteja anapolalamika kuwa mzigo umechukua siku nyingi kupita kiasi, takwimu hizo humwonyesha kama malalamiko yake ni ya haki.

Gazeti la Serikali la Jumuiya ya Afrika Mashariki lisikosekane mwishoni mwa Juni. Humo hutangazwa mabadiliko ya ushuru yanayoanza Julai 1 pamoja na ruhusa za nchi moja moja kutoza kiwango tofauti na kile cha pamoja. Tangu Julai 2022 viwango vikuu vya ushuru wa pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na 35, lakini zipo bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Mchele ni mmoja wao: kiwango cha pamoja ni asilimia 75, na Rwanda imewahi kuruhusiwa kutoza 45. Kwa hiyo habari iliyoandikwa Nairobi kuhusu "ushuru mpya wa Afrika Mashariki" inaweza kuwa kweli kwa Kenya na uongo kwa mteja wa Kigali. Mhariri wa jarida atafute mstari wenye jina la Rwanda, na ataje tarehe ambayo ruhusa hiyo inakwisha.

Neno "umefungwa"

Hakuna habari inayosafiri haraka kama ya mpaka kufungwa, na hakuna inayoharibika zaidi njiani.

Mwishoni mwa Februari 2019 malori yaliyokuwa yakielekea Gatuna, mpakani mwa Rwanda na Uganda, yaliambiwa yapite Kagitumba na Mirama Hills. Maelezo rasmi ya Rwanda wakati huo yalikuwa ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani. Aliyewaandikia wateja kuwa "mpaka na Uganda umefungwa" alikosea, kwani malori yalikuwa yakipita kwingine, kwa njia ndefu zaidi. Aliyeandika kuwa ni ujenzi tu na mambo yatatulia karibuni alikosea pia: Gatuna ilifunguliwa tena Januari 31, 2022, karibu miaka 3 baadaye. Hata siku hiyo, masharti ya Uviko-19 yalikuwa bado yanawazuia wasafiri wa kawaida. Mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ilifunguliwa kwao Machi 7, 2022.

Katika hali kama hiyo jarida liseme lililotangazwa na lisibashiri. Litaje kituo gani, magari gani, tangu siku gani, nani ametangaza, na njia ipi imebaki. Kama sababu haijulikani, iachwe. Mteja anaweza kugeuza lori bila kujua sababu, ila hawezi kuligeuza bila kujua njia.

Mfano wa pili ni wa mahindi. Machi 5, 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku 5 baadaye, Machi 10, serikali ya Kenya ikaruhusu yaingie kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Jarida linalotoka mara moja kwa mwezi lingeweza kumwacha msomaji na habari ya zuio kwa wiki 3 nzima. Mambo ya aina hii yatumiwe barua fupi ya dharura, na masharti yanapobadilika itumwe nyingine kwa watu wale wale.

Kunakili na kutafsiri

Habari yenyewe haina mwenyewe, lakini maneno ya mwandishi yanalindwa na hakimiliki. Kampuni inaweza kuandika kwa maneno yake kuwa bei ya dizeli imepanda, na ikataja chanzo. Kubandika makala nzima ya gazeti, pamoja na picha, ni jambo jingine, hata jina la gazeti likiwekwa chini.

Lugha nayo ni kazi. Sheria na matangazo ya Rwanda hutoka zaidi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hiyo tangu 2017. Dereva wa Tanzania na mfanyabiashara wa Goma au Bukavu huelewa Kiswahili. Kampuni inayotafsiri tangazo kwa Kiswahili sahihi tayari imempa msomaji kitu ambacho hakipati kwingine. Majina ya hati, hata hivyo, yaachwe kama yalivyoandikwa kwenye hati, maana ofisa wa mpakani ataliuliza jina hilo hilo.

Anwani za wateja na siri za mizigo

Sheria namba 058/2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Mtu aombwe ridhaa kabla ya kuwekwa kwenye orodha, na awe na njia rahisi ya kujitoa. Kenya na Uganda zina sheria za namna hiyo tangu 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Anwani iliyookotwa kwenye ankara ya mteja haijawa ruhusa ya kumwandikia kila wiki.

Kosa la kawaida zaidi ni la mkono: karani huweka anwani zote 200 kwenye mstari wa "Kwa", na kila mteja anaona orodha ya wenzake. Siku hiyo mshindani amepata orodha ya bure. Zitumike nakala fiche, au programu ya kutuma majarida.

Kadhalika, kujisifu kuwa kampuni imetoa kontena 12 za mteja fulani ni kutangaza shehena na biashara yake. Mfano wa kazi uandikwe bila jina wala aina ya bidhaa, au mteja akubali kwanza kwa maandishi.

Msomaji wa jarida hili mara nyingi yuko barabarani na simu mkononi. Kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe: "Kagitumba: malori pekee hadi Ijumaa" husomwa, "Toleo la 14" halisomwi. Maandishi yatangulie picha, na picha nzito ziachwe. Anwani ya kutuma iwe inayopokea majibu, na mtu ayasome, kwani swali la toleo lijalo huwa limo humo.