Pikipiki za China: marekebisho na safari za mpakani

Pikipiki nyingi za bei nafuu kutoka China za cc 200, zinazofaa lami na njia za vumbi, hutumia injini iliyotokana na ile ya Honda CG125 ya mwaka 1976. Valvu zake husukumwa kwa vijiti, hivyo fundi wa kawaida huimudu bila vifaa maalum.

Rekebisho la gharama ndogo ni sproketi ya mbele. Ya meno 15 ikibadilishwa kwa ya meno 14, nguvu ya kuvuta mzigo mlimani huongezeka kwa takriban asilimia 7, na mwendo hupungua kwa kiasi kama hicho. Kwenye lami ndefu injini huzunguka zaidi na kula mafuta zaidi.

Kubadilisha injini ni suala jingine, kwani namba yake imo kwenye kadi ya usajili. Kadi isiporekebishwa, pikipiki inaweza kuzuiliwa mpakani pamoja na mzigo wake.

Kwa upande wa bima, Kadi ya Njano ya COMESA hugharamia madai ya mtu wa tatu katika nchi jirani. Tanzania nayo huitambua, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000.