Mionzi na Kisu

Katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa, mwezi wa Julai mwaka 1896, alikuwapo mgonjwa mmoja wa miaka 52 aliyekuwa na uvimbe mkubwa tumboni. Tabibu wake, Victor Despeignes, aliyatambua maradhi yale kuwa ni saratani ya tumbo, wala hakuwa na dawa ya kuiponya. Walakini ilikuwa haijatimia hata miezi 9 tangu Profesa Wilhelm Röntgen wa Würzburg, Ujerumani, avumbue ile mionzi ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Despeignes akaazimu kuijaribu. Akawa anamwangazia mgonjwa wake tumbo mara mbili kila siku, kila mara kwa muda wa nusu saa. Baada ya siku chache maumivu yakapungua, na uvimbe nao ukanywea. Lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kudhoofika mno, na kabla mwezi ule haujaisha akafariki.

Wako madaktari wa siku hizi wadhanio kuwa uvimbe ule haukuwa saratani ya kawaida ya tumbo bali limfoma, ambayo hunywea upesi ikipigwa na mionzi. Iwe iwavyo, saratani ya tumbo ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kabisa kutibiwa kwa mionzi. Basi ni ajabu kwamba kwa miaka zaidi ya 70 baadaye matumbo yaliachiwa kisu cha mpasuaji, na mionzi ikahesabiwa kuwa msaidizi tu, tena msaidizi dhaifu.

Sababu si ngumu kufahamu. Nguvu ya mionzi ya vyombo vya kwanza iliishia sana kwenye ngozi, hata mtu aliyetaka kuufikia uvimbe ulio ndani hakuwa na budi kuiunguza kwanza ngozi iliyo juu yake. Tena utumbo hautulii mahali pamoja, wala hauvumilii mionzi mingi. Claude Regaud, huko Paris, aliionyesha njia kwa kondoo madume. Alipowapiga mionzi mingi kwa mara moja ili wahasike, ngozi yao iliungua vibaya. Bali alipoigawa mionzi ile kwa siku kadhaa, walihasika na ngozi ikasalimika. Chembe zizaanazo upesi ziliangamia, na zile zilizotulia zikapata nafasi ya kujitengeneza. Ndiyo maana hata leo mgonjwa hupewa mionzi kidogo kidogo, siku baada ya siku. Kisha mwaka 1951, nchini Kanada, ikaanza kutumika mitambo ya kobalti, ambayo mionzi yake huzama ndani sana na kuihurumia ngozi.

Wapasuaji, kwa upande wao, hawakukaa bure. Mwaka 1908 Ernest Miles wa London alitoa hesabu ya kazi yake mwenyewe pasipo kujificha. Alikuwa amewapasua watu 57 wenye saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa njia iliyozoewa. Na katika hao, 54 walirudiwa na ugonjwa. Mimi namheshimu Miles kwa kuungama hivyo kuliko ninavyomheshimu kwa upasuaji wake, maana si wengi wawezao kuziandika tarakimu za namna hiyo juu ya mikono yao wenyewe. Aliona kwamba mbegu za saratani zilikuwa zimesalia katika njia zipandazo juu, mahali ambapo kisu hakikufika. Akabuni upasuaji mpya, wa kukata kutoka tumboni na kutoka chini, akaondoa puru yote pamoja na tundu lenyewe la haja kubwa na nyama za kando yake. Mwisho wa utumbo uliobaki ukatolewa nje kwa tundu jipya lililotobolewa mbele ya tumbo, na hapo ndipo haja ilipopita maisha yote. Siku hizi hupokelewa katika mfuko unaogandishwa juu ya ngozi.

Lugha yetu ina adabu katika mambo haya, nami nimejitahidi kuifuata. Lakini adabu ikizidi huwa pazia la hatari, na wazee walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba wangu mmoja, fundi seremala, alitoka damu mwaka mzima na kuiita bawasiri. Alipokwenda hospitali mwishowe, akaelezwa habari ya upasuaji na mfuko, alisema afadhali kaburi. Hakuwa mwoga. Alikuwa akifikiri jinsi atakavyoketi barazani na wenzake, na jinsi atakavyosimama safuni msikitini. Tangu siku hiyo swali la kwamba tundu lile laweza kuachwa au haliwezi, sikuliona tena kuwa swali dogo.

Swali hilo lilipata jibu la kwanza karibu bila ya kuulizwa. Norman Nigro alikuwa mpasuaji wa Detroit, Marekani, na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wayne State. Alishughulika na saratani ya tundu la haja kubwa, ambayo ni nadra kuliko ile ya puru, na mara nyingi ni ya jamaa ya saratani za ngozi. Dawa yake wakati huo ilikuwa upasuaji ule ule wa Miles. Nigro hakukusudia kukiweka kisu chini. Alitaka tu kuudhoofisha uvimbe kwanza, ili kisu kifanikiwe zaidi. Kwa hiyo yeye na wenzake wakaunganisha mionzi ya kiasi cha wastani, 3,000 kwa kipimo cha rad kilichotumika siku zile, na dawa ziuazo chembe za saratani zinazopitishwa katika mishipa ya damu.

Mwaka 1974 wakachapisha taarifa fupi juu ya wagonjwa 3 tu. Wawili walipasuliwa kama ilivyopangwa, na vile vilivyokatwa vikachunguzwa kwa hadubini. Haikuonekana saratani hata kidogo. Mgonjwa wa tatu alikataa kupasuliwa. Naye pia uvimbe wake ulikuwa umetoweka.

Hebu msomaji atue hapa kidogo. Wale wawili waliotii walikuwa wamepoteza, kwa maisha yao yote, viungo ambavyo havikuwa tena na ugonjwa. Si haki kuwalaumu madaktari wao, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu aliyeweza kujua hayo kabla ya kukata. Lakini Nigro angaliweza kuyaita matokeo yale bahati na kuendelea na desturi. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuwatibu wengine kwa njia ile, na kadiri matokeo yalivyofanana, ndivyo upasuaji ulivyowekewa wale ambao uvimbe wao ulibaki au ulirudi. Huko Uingereza watu 585 wakagawanywa kwa kura, baadhi wapewe mionzi peke yake, wengine mionzi pamoja na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 1996. Katika kila watu 100 waliopata mionzi tu, ugonjwa ulishinda pale pale ulipoanzia kwa watu 59. Kwa waliochanganyiwa, ulishinda kwa 36.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kwa nini basi hawakuwagawa watu kwa kura kati ya kisu na mionzi, ili jambo likatwe mara moja. Swali ni la haki, na kwa kweli jaribio hilo halikufanywa kamwe. Nilimrudishia swali: yeye mwenyewe angekubali kura ya namna hiyo? Alicheka, kisha akanyamaza.

Saratani ya puru ilikuwa mkaidi zaidi, kwa kuwa si ya jamaa ile moja. Huko São Paulo, Brazili, mpasuaji Angelita Habr-Gama alianza kuwapa wagonjwa mionzi na dawa, kisha kungoja. Yule ambaye uvimbe wake ulitoweka kabisa hakumpasua, bali alimwita mara kwa mara na kumchunguza. Wapasuaji wengi waliona huko ni kucheza na roho za watu. Mwaka 2004 akatoa hesabu yake: kati ya wagonjwa 265, watu 71 walikuwa wameachwa bila kupasuliwa, na baada ya miaka 5 hapakuwa na aliyekufa miongoni mwao. Wapinzani wake walisema, wala si bila sababu, kwamba waliorudiwa na uvimbe katika mwaka wa kwanza hawakuhesabiwa katika kundi lile. Hesabu pana iliyotoka mwaka 2018, ya wagonjwa 880 wa nchi 15, ilionyesha kwamba karibu mmoja katika kila wanne huota uvimbe tena katika miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo anayengoja hangoji usingizini: hurudi hospitali kila baada ya miezi michache, na akionekana na dalili, kisu kipo.

Kisha swali lile lile likageuziwa mionzi yenyewe. Mionzi ya nyonga huweza kukomesha uzazi wa mwanamke na kuharibu mwenendo wa utumbo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye saratani ya puru iliyoweza kukatwa bila kupoteza tundu. Nusu yao walipewa mionzi na dawa kabla ya upasuaji, kama ilivyo desturi. Nusu walipewa dawa peke yake, na mionzi ikawekwa akiba kwa yule ambaye uvimbe wake haukunywea. Baada ya miaka 5 kundi la pili halikuwa na hali mbaya kuliko la kwanza, na katika kila 100 wa kundi hilo ni 9 tu waliohitaji kupigwa mionzi kabla ya kupasuliwa.